Mfuko wa Ndani wa Kushoto

Jumapili, 20 Aprili

Kifungua mimba wangu,

Shuleni tuliambiwa barua ianze na hali. Hali ni nzuri, mgongo unauma kidogo, tumemaliza. Sasa nianze yangu.

Cheti kimefika. Nilikipeleka kwa fundi wa fremu, akaniuliza, "Mama, kioo cha kawaida au kile kinene?" Nikamwambia, huyu unamwona ni mwanangu au wa jirani? Kinene. Nimekitundika juu ya cherehani, mahali ambapo mteja akisimama kupimwa hana pa kutazama isipokuwa hapo. "Mtumishi Bora wa Robo ya Kwanza, Idara ya Ustawi wa Watoto. Mafaili yaliyofungwa: 61." Nawasomea kwa sauti, maana wengine wanajifanya wamesahau miwani. Watoto sitini na mmoja, mwanangu, ndani ya miezi mitatu. Mimi nilizaa watatu tu nikachoka.

Muuza mkaa wa kona alisema, "Kwani faili likifungwa, mtoto anakuwa amepata nini?" Nikamwambia, wewe ukifunga gunia si ni kwamba limejaa? Wivu hauna dawa.

Usiniambie nipige simu. Nikipiga unasema "niko kikaoni, mama", halafu simu siwezi kuwasomea majirani. Barua nawasomea, zile za ndani naziruka.

Siku hizi nina mgeni wa kila siku. Ni yule mtoto wa kike wa nyumba ya pili, wa darasa la pili, anayekaa na mjomba wake fundi wa friji tangu mama yake afariki. Akitoka shule anakuja kukaa chini ya meza yangu, anaokota pini. Pini hata iingie kwenye ufa wa sakafu haimponyoki, nikamwita Sumaku. Haongei sana. Cheti chako ndicho kitabu chake: "M-tu-mi-shi." Juzi aliniuliza, "Huyu dada anakwenda kwenye nyumba za watu kweli?" Nikamwambia anakwenda, tena kwa gari la halmashauri, na daftari. "Siku gani?" Nikasema Jumatano, maana ulipoanza kazi uliniambia Jumatano ndiyo siku ya kutembelea. Akarudi kwenye pini zake.

Anavaa sweta hata jua likiwaka. Nitamshonea kitu chepesi.

Na wewe nakushonea koti la ofisini, la kijivu, lenye bitana. Vipimo ninavyo kichwani, labda uwe umenenepa kwa vyeo.

Anayejivuna kwa haki,
Mama Afisa (ndivyo mtaa unavyoniita)


Jumanne, 29 Aprili

Shikamoo mama,

Samahani nimechelewa kujibu. Nimefurahi fremu imependeza, ila naomba usikitundike mbele ya kila mtu. Ni karatasi tu.

Huku tumehamia chumba cha nyuma. Tunakaa watatu meza moja, na mafaili yako kwenye maboksi chini ya miguu yetu, ukinyoosha mguu unampiga mtoto wa mtu teke. Nimekuchekesha? Kazi ni nyingi lakini naiweza. Mkuu wa idara anasema robo hii tufunge mengi zaidi.

Na muuza mkaa usigombane naye, mama. Ameuliza tu.

Mwanao


Jumapili, 11 Mei
(ndani ya kifurushi)

Kifungua mimba wangu,

Barua hii iko juu ya koti, na koti liko chini ya barua. Usichukue moja ukaacha jingine.

Alikuja mwalimu wa darasa la pili. Akasimama mlangoni kama mtu anayedai nguo yake. "Mama, wewe ndiye mwenye binti halmashauri?"

"Soma ukutani," nikamwambia.

Akasoma. Hakutabasamu. Akasema mwezi wa kwanza aliandika taarifa kuhusu Sumaku, akaipeleka kwa mkono kwenye dirisha la ofisi ndogo ya halmashauri hapa kwetu, wakagonga muhuri. Kwamba mtoto ana alama za waya mgongoni, na kwamba mjomba akienda kazi za mbali humfungia ndani. Mwezi wa tatu alipofuatilia akaambiwa faili limefungwa. "Limefungwaje, mama, na hakuna mtu aliyekuja hata kumuuliza mtoto jina?"

Nikamwambia basi halikumfikia mwanangu. Ofisi ni kubwa, wavivu hawakosekani, taarifa inaweza kukaliwa na tarishi mpaka ikataga mayai. Mwanangu namjua. Mwalimu akasema, "Mgema akisifiwa, mama..." Nikamwambia malizia nikusikie. Hakumalizia.

Alikuwa na taarifa ya pili mkononi, anataka kwenda kupanga foleni tena. Foleni ya nini, nikamwambia, na mwenye ofisi nimemzaa? Nipe. Akasita. "Dirishani wanagonga muhuri, mama. Wanakupa namba." Nikamwambia damu haihitaji muhuri. Akanipa.

Iko kwenye koti lako, mfuko wa ndani wa kushoto. Nimeushona makusudi utoshe karatasi iliyokunjwa mara mbili, upande wa moyo. Ukilivaa tu utaisikia inakukwaruza.

Baada ya mwalimu kuondoka nilimvua Sumaku sweta ili nimpime gauni. Mwanangu, nimepima migongo miaka thelathini. Ule nilishindwa kuuwekea futi. Nimeukadiria kwa macho. Na yule mjomba ni mtu wa maneno laini, "shikamoo mama" hata akiwa ng'ambo ya barabara, ndiyo maana hakuna anayemdhania.

Njoo Jumatano yoyote, ila isiwe ya mbali.

Mama Afisa


Jumanne, 20 Mei

Shikamoo mama,

Kifurushi kimefika salama, asante sana. Koti limenikaa vizuri mno, kila mtu ofisini anauliza fundi ni nani. Na uliyoniandikia yote nimeyaona, nitayashughulikia.

Nisamehe kwa ufupi. Wakaguzi wanakuja na tumezama kwenye mafaili mpaka shingoni.

Mwanao


Jumamosi, 7 Juni

Kifungua mimba wangu,

Leo sina hata salamu, nina shukrani. Tena nitubu kwanza, maana nilikuwa nimeanza kukulaumu moyoni.

Jibu lako lilipofika nilimwambia Sumaku, "Dada ameiona barua, anakuja." Jumatano yake akaosha miguu kwenye ndoo yangu, akajipaka mafuta, akakaa kibarazani pangu tangu alipotoka shule mpaka nilipofunga kazi. Hukuja. Nikamwambia labda gari limesumbua. Jumatano ya wiki hii akaosha tena, safari hii mpaka magoti. Muuza mkaa akamtania, "Wewe unaolewa leo?" Akamjibu, "Namsubiri afisa." Alikuwa anatetemeka kidogo, nikamfunika kitambaa. Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Labda nyumba haijui?" Nikamwambia afisa anajua nyumba zote.

Kumbe ulikuwa njiani. Alhamisi asubuhi hakupita kwenda shule. Natazama nyumba ya pili, kufuli kwa nje, pikipiki ya mjomba haipo, kimya. Nikajua pale pale: wamekuja, wamemchukua. Bila kelele, bila kujaza watu. Kazi ya kisomi.

Jana mwalimu akaja kuuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia, "Sasa umeiona halmashauri?" Akataka kwenda kugonga ule mlango. Nikamshika mkono. Mlango ulioshughulikiwa na serikali haugongwi ovyo, nikamwambia, utawaharibia upelelezi. "Una hakika, mama?" Nikamtolea barua yako, pale uliposema yote umeyaona. Akaisoma mara mbili, kisha akanipa mkono. Mwanangu, nilikaribia kulia kwa fahari.

Leo nimemsomea na muuza mkaa. Amesema, "Basi nimeshindwa." Mtaa mzima una habari.

Niambie mmempeleka nyumba gani. Gauni lake limebaki kukunja pindo, nilitume. Na mwambie tangu ameondoka pini zinanichoma miguu.

Mama Afisa, kwa herufi kubwa


Alhamisi, 12 Juni

Kwa Afisa Ustawi wa Watoto,

Mama yako ameniomba niandike mimi.

Hakuna aliyemchukua mtoto. Mjomba alikwenda kufunga friji mji mwingine, akamfungia ndani na mkate na ndoo ya maji. Sasa tunajua alikuwa na homa tangu Jumatano. Mjomba alirudi Jumatatu mchana. Tulimsikia akimwita, kisha akaacha kuita. Aliyembeba mtoto mpaka hospitali ni muuza mkaa. Daktari alisema, "Angeletwa Ijumaa," akaishia hapo, nami sikumwomba aendelee. Amefariki Jumanne saa nne asubuhi. Mjomba yuko polisi.

Ijumaa mimi nilikuwa nimeshafika nusu ya njia kwenda kwenye mlango ule. Sijui kama nakulaumu wewe, au mama yako, au miguu yangu iliyogeuka.

Mama yako ana swali moja tu, ameniambia niliandike kama alivyolitamka: "Muulize, lile koti aliwahi kulivaa?"

Mwalimu wa darasa la pili


Alhamisi, 19 Juni

Mama,

Sikulivaa.

Kifurushi kilifika siku tuliyokuwa tunapanga mafaili ya wakaguzi. Nilikiweka juu ya kabati bila kukifungua, nikakuandikia kwamba koti limenikaa ili usihuzunike. "Yote nimeyaona" niliandika kama mtu anavyojibu "sijambo" na huku anaumwa. Barua yako ya shukrani na ya mwalimu zimenifikia siku moja. Nilipanda kiti nikakishusha. Mfuko uko kama ulivyosema. Karatasi imekunjwa mara mbili.

Kuna la pili. Faili la mwezi wa tatu nililifunga mimi. Nina watoto mia mbili na kumi na nne, mama, peke yangu. Gari liko gereji mwaka wa pili sasa, Jumatano hatuendi popote, niliona aibu kukwambia. Mkuu alitoa agizo kwamba faili likipita siku sitini tumpigie mlezi simu, akisema kuna amani tuandike "familia imesuluhishwa" tulifunge, ili takwimu zetu zisomeke vizuri. Nilimpigia mjomba. Alinijibu kwa heshima, akaniita mkubwa wangu. Hatukumaliza dakika tatu. Hayo ndiyo mafaili sitini na moja uliyoyawekea kioo. Lake ni mojawapo.

Kamati ya uchunguzi inakaa tarehe nne Julai. Mkuu anataka tujibu kwamba baada ya faili kufungwa hakuna taarifa nyingine iliyopokelewa. Nilipomwambia ya taarifa iliyokuwa mfukoni, akasema koti halina muhuri. Nikisema vingine nitafukuzwa, pengine nishtakiwe, na yeye atabaki kwenye kiti chake.

Barua yangu ya tarehe ishirini Mei unayo wewe peke yako. Nakuomba kama mtoto wako, itie motoni. Nihurumie, mama.

Mwanao


Jumatano, 25 Juni

Kwa Kamati ya Uchunguzi,

Wanasema barua ya ofisi lazima iwe na kichwa. Kichwa ni: MTOTO ALIYEITWA SUMAKU.

Mimi ni mshona nguo, niliishia darasa la saba. Afisa mnayemhoji ni mwanangu wa kwanza, nilimlea mgongoni huku nakanyaga cherehani. Naambatanisha barua yake ya tarehe 20 Mei. Ilikuwa ndani ya fremu, nyuma ya cheti mlichompa, maana barua zake nazitunza humo. Ningeweza kuichoma. Jiko lilikuwa linawaka, nikasimama nayo mpaka maji yakakauka sufuriani.

Mkiambiwa hakuna taarifa ya pili iliyofika, msikubali. Ilifika. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa kushoto wa koti la kijivu, mfuko nimeushona mwenyewe. Muhuri haikupata kwa sababu yangu. Mwalimu alitaka kupanga foleni, nikamzuia. Ijumaa alitaka kugonga mlango, nikamshika mkono. Kutoka kiti changu mpaka mlango ule ni hatua kumi na tisa. Nimezihesabu baadaye, ndio wakati wa kuhesabu kwangu. Mtoto alikuwa ndani, pengine ananisikia namsifu mwanangu. Niandikeni na mimi.

Lakini na nyinyi mjiandike. Taarifa ya kwanza ilipita dirishani kwenu, ikagongwa muhuri, ikapewa namba, na mtoto hakuonwa na mtu. Mlimpa mwanangu watoto mia mbili na kumi na nne, na simu. Mkamwambia afunge, akafunga, mkampa cheti. Mimi nilidhani faili likifungwa mtoto amepona, sina elimu. Nyinyi mlijua. Muuza mkaa wetu aliuliza swali ambalo hakuna mkubwa hata mmoja aliyeliuliza: likifungwa, mtoto amepata nini?

Yalifungwa sitini na moja. Huyu mmoja tumeshamzika. Wapo sitini, siwajui majina, wana milango. Nendeni mkagonge hiyo milango kwanza, ndipo mrudi kutuuliza sisi.

Wahenga wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi ninalia tayari, kwa hiyo sina cha kuchelea. Mwanangu si mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa kugawa kipande chake cha mkate. Mniwie radhi, sijawahi kuandika barua bila kumsifu.

Safari hii nimepanga foleni dirishani. Wamegonga muhuri. Namba yangu ni 118.

Mshona nguo, jirani wa marehemu


Jumapili, 6 Julai

Shikamoo mama,

Niliingia kwenye kile chumba nimevaa koti. Sikuwa nimeamua nitasema nini. Nilikuwa nimelivaa tu.

Mwenyekiti aliisoma barua yako yote kwa sauti, mpaka pale pa mkate. Mkuu wangu alikuwa anatazama kalamu yake. Kisha mwenyekiti akaniuliza, "Hilo koti unalijua?" Nikatia mkono kifuani. Walidhani natafuta leso. Niliitoa ile taarifa nikaiweka mezani, na ilikuwa imepata joto langu, mama, kama kitu kilichokuwa hai. Nikawaambia na habari ya simu, na ya dakika tatu.

Nimesimamishwa kazi. Mkuu naye ameambiwa akae nyumbani. Wamekodi magari mawili, wameanza kuipitia ile milango sitini. Mpaka jana walikuwa wamefika kumi na miwili. Watoto wawili hawakukutwa kwenye nyumba zilizoandikwa, wanawatafuta.

Limenikaa, koti. Mabega sawasawa. Nilipaswa kukwambia hivyo nikiwa nalijua.

Nakuja Jumatano ya tarehe kumi na sita, kwa basi. Nilikuomba jambo ambalo mtoto hamwombi mama yake. Sijui kama utanipokea.

Mwanao


Alhamisi, 10 Julai

Mwanangu,

Hali si nzuri, ila tuliambiwa barua ianze nayo.

Cheti nimekishusha. Ukutani pamebaki alama ya mraba, nyeupe, na wateja bado wanatazama hapo. Gauni nimelikunja pindo. Lipo tu. Mwalimu anapita jioni, tunakaa. Muuza mkaa hanitanii tena, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kama nitakupokea? Mimi nimpokee nani mwingine.

Ila ukishuka kwenye basi usije kwangu kwanza. Nenda nyumba ya pili. Kufuli bado lipo, najua hakuna mtu. Gonga tu. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako, nisikie mlango ule unagongwa.

Mama